Mdogo wangu, sikukusengenya

Mdogo wangu,

Simu zangu hushiki. Ujumbe nikikutumia naona umesoma, kisha kimya. Basi naandika hapa mtandaoni, ambapo najua wanao watasoma na watakupelekea kabla ya jioni. Usiseme nimekuvizia. Ungeshika simu tungeyamaliza kwa salio la shilingi hamsini.

Nimesikia ulivyomwambia binamu yetu wa Luanda: eti siku hizi napelekwa kuongeleshwa kama mtu aliyerukwa na akili, na eti nimekaa mbele ya watu baki nikaianika familia. La kwanza nitakueleza. La pili nitakujibu.

Ni kikundi cha kuzungumzia huzuni, ile wanayoiita sonona. Tunakutana kila Jumanne, hapa Kisumu, katika chumba cha kliniki wanachopimia watoto uzito. Ile mizani ya kuning'iniza watoto iko juu ya vichwa vyetu, na kuna mzee mmoja mrefu ambaye huigonga kila akiinuka. Hatuzidi kumi. Wote tunatumia dawa za virusi vya ukimwi, na hakuna aliye chini ya miaka hamsini, ndilo sharti. Niliwahi kukaa na kikundi cha vijana. Wasichana wazuri, wananiita shosho, lakini wao wanaulizana watamwambiaje mpenzi na watazaaje mtoto salama. Mimi mawazo yangu ni presha, sukari, wajukuu walioachwa mikononi mwangu, na nani atanizika.

Kuongeleshwa kwenyewe ni hivi. Kwanza unaitwa peke yako, unasomewa karatasi yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona hufai. Unajibu hakuna hata siku moja, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Swali la tisa linauliza kama umewaza kwamba afadhali ungekufa. Nilijibu siku kadhaa. Nakuambia hapa kwa sababu hujawahi kuniuliza. Jibu langu la leo si hilo, kwa hiyo usianze kumpigia pasta.

Kisha mshauri, ambaye si daktari bali ni mhudumu wa afya ya jamii aliyefunzwa kazi hiyo, anakuuliza huzuni ilianza lini na ni nini kilikuwa kikiendelea maishani mwako. Wanasema huzuni ya aina hii huwa imeshikamana na jambo moja kati ya manne: msiba, ugomvi, maisha kubadilika, au upweke. Njia yenyewe ilianzia Marekani, lakini kwa majirani zetu ilijaribiwa kwa wanakijiji wa Masaka na Rakai, Uganda, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likaitolea mwongozo wa vikao vinane. Hayo nakueleza ili ukome kusema ni mambo ya wazungu wasio na kazi.

Mimi nilikwenda nikijua langu ni msiba. Si nilimzika baba watoto mwaka uleule wa 1999 ambao Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa? Mshauri akaniuliza: lakini usingizi ulikatika lini? Jibu likanitoka kabla sijalipima. Tangu siku ya mahari ya mtoto wa mdogo wangu.

Ugomvi, basi.

Siku hiyo unaijua. Wakwe wametoka Nyeri, turubai limefungwa uwani, sufuria za pilau ziko nyuma ya nyumba. Mimi nimekaa kwenye kigoda karibu na bomba nikikata kachumbari, kama nilivyoikata kwenye kila shughuli ya nyumba yetu tangu mama akiwa hai. Kitunguu changu unakijua: nakikata kikawa chembamba hadi kinapitisha mwanga, nakikamua na chumvi kutoa ukali. Beseni lilikuwa limefika nusu. Ukaja na gauni lako la kitenge, ukatabasamu, ukanishika mkono, ukachomoa kisu. "Dada, leo wewe ni mgeni. Nenda ukakae hemani." Sauti tamu kabisa. Nikainuka. Nilipogeuka kuchukua leso yangu nikakuona unalimimina beseni kwenye ndoo ya makapi, vitunguu, nyanya, dania, vyote, na kisu unakitosa kwenye maji ya Jik. Msichana aliyekuwa akiosha sahani aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akainamisha kichwa.

Hukunitukana. Ungenitukana ningejua pa kushika.

Sikuwa nimejikata. Na hata ningekuwa nimejikata! Virusi haviambukizwi kwa chakula. Vyangu kwa miaka sasa havionekani kwenye kipimo, na mwenye hali hiyo hamwambukizi hata anayelala naye, sembuse mla pilau. Haya si mageni kwako, tumeyasikia pamoja.

Tena wewe! Wewe uliyelala sakafuni kando ya kitanda changu hospitalini, umejifunika koti. Uliuza cherehani yako tupate pesa za dawa, maana zilikuwa bado hazijawa za bure katika hospitali za serikali. Hilo lilikuja 2006. Ulinilisha uji kwa kijiko, na kabla ya kunipa ulikuwa unauonja kama umepoa, kijiko kilekile, unakitoa mdomoni mwangu unakitia mdomoni mwako. Wauguzi walikukanya, ukawajibu, "Huyu ni dada yangu." Jirani angenifanyia lile la kachumbari ningecheka nikaenda zangu. Mtu wa kijiko kile ndiye aliyeninyima usingizi.

Kikundini hatupewi mawaidha, na hilo ndilo lililonifanya nirudi. Unaulizwa: ulitaka nini kwake? Ulimwambia? Ungemwambiaje? Halafu mnaigiza. Yule mzee mrefu, aliyekuwa dereva wa malori ya Mombasa hadi Malaba, akajitolea awe wewe. Akajifunga leso yangu kiunoni, akaninyang'anya biro kana kwamba ni kisu, akasema, "Dada, leo wewe ni mgeni," kwa sauti ya mtu anayemgombeza utingo. Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka hadi machozi, kisha yakabaki machozi. Mshauri akasema, mjibu. Sikuweza. Tukarudia. Nikasema, "Nipe kisu changu." Mzee akanyamaza, biro mkononi, akasema taratibu, "Mama, niliogopa wale wakwe. Wangejua, binti yangu angeachwa."

Hakuna aliyemfundisha maneno hayo.

Nimeyageuza kila upande. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Mashavu yangu yalinyonywa na stavudine, ile dawa ya zamani ya virusi, na mtu aliyewahi kuuguza huitambua sura hii kutoka mlangoni. Huenda mama mmoja kutoka Nyeri alikuuliza dada yako anaugua nini. Lakini asubuhi ile tulikunywa chai wawili tu, jikoni kwako, kabla ya watu kuamka. Ungeniambia, "Dada, naogopa." Ningejifunga kilemba nikakaa hemani siku nzima bila kinyongo. Mimi niliyemlipia mtoto huyo karo ya kidato cha kwanza kwa mkopo wa chama, ningekuwa wa kumharibia?

Sasa la kuianika familia. Jina lako sikulitaja, wala la mtoto. Hata kwamba uko Nakuru hawakujua. (Sasa watajua, maana mmoja wao ndiye aliyenionyesha namna ya kuandika hapa.) Yanayosemwa mle hayatoki, ni kanuni ya siku ya kwanza. Aliyekupa habari ni mimi mwenyewe, kwa simu, nikidhani utafurahi kusikia nalala. Ukaniuliza, "Umewaambia watu nini kunihusu?" Swali la kwanza lilikuwa hilo. Nyumba yetu imezoea kufunika. Kaka yetu mkubwa tulimzika tukiwaambia watu ni malaria, na mficha maradhi kilio humuumbua, kaburini kila mtu alikuwa akijua isipokuwa wanawe. Mimi hilo la kufa kimya nimelikataa, na kama kulikataa ni kuanika, basi na ianikwe.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada, wahudumu wengi walirudishwa nyumbani, na kliniki yetu ikachanganywa na wagonjwa wengine wote. Mshauri wetu halipwi tena kwa kazi hii. Vikao vinane viliisha zamani. Bado tunakuja, kila mtu na mia yake ya chai, na asipoonekana mtu Jumanne, Jumatano kuna anayebisha mlangoni kwake. Niambie, huko kwako ni nani angebisha?

Sikuulizi kwa ubaya. Tangu shemeji afariki unakaa na televisheni hadi saa nane usiku. Chakula unapika cha watu sita kisha unamwaga. Zile dawa zako za presha unameza ukikumbuka. Katafute karatasi ya maswali tisa, mdogo wangu, uliza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Si lazima uwe na virusi ndipo uwe na huzuni. Na usiniambie huna muda, kwa kuwa wa kumpigia binamu wa Luanda uliupata, dakika arobaini, yeye mwenyewe kaniambia. Wala usiseme najifanya mwalimu. Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga leso.

Watu wa kikundi wananiambia barua hii ni kali. Mzee wa lori anasema ningeipeleka kwa mkono. Yeye hajui mlango wako ulivyo.

Harusi ni Aprili. Kadi nimeiona kwenye simu ya mwanao. Jina langu liko kwa wageni waalikwa, kwenye kamati ya jikoni halipo. Nakuja, na kachumbari nakata mimi. Kisu nabeba changu. Kama hutaki, nipigie wewe mwenyewe, usimtume binamu, na unipigie wiki moja mbele, kwa sababu nauli ya Kisumu hadi Nakuru hupanda wikendi na nataka kulipia kiti mapema.

Dada yako