Barua ya malalamiko: tulilipia bustani ya jangwani, tukapewa dakika 35

San Diego, California
11 Machi 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Safari

Ndugu Meneja,

YAH: SAFARI YA HIFADHI YA JANGWA YA ANZA-BORREGO, JUMAMOSI 8 MACHI 2025

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi na mama yangu mzazi tulikuwa abiria wa viti namba 7 na 8 katika basi lenu dogo. Tulilipa dola 110 kila mmoja na risiti ninazo. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu tangazo lenu lilikuwa la Kiswahili, na hilo ndilo lililonifanya niwaamini. Mliahidi saa mbili na nusu katika kituo cha wageni na bustani yake ya mimea, pamoja na mwongozaji anayeijua mimea ya jangwani. Tulipewa dakika 35, na kijana mliyetupa hakuweza kutaja mmea hata mmoja bila kusoma kibao.

Naomba muelewe kwa nini nilichagua safari hii. Mama yangu alikuwa bibi shamba mkoani Singida kwa miaka 28. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ni kuwafundisha watu kulima pasipo na mvua ya kutosha, na hakuna anachokipenda kama mmea unaojua kuvumilia kiu. Nilipomwambia kwamba mwendo wa kama saa mbili kutoka kwangu kuna hifadhi ya jangwa ya ekari zaidi ya 600,000, kubwa kuliko hifadhi zote za jimbo la California, na kwamba kituo chake cha wageni kimechimbiwa ardhini, paa limefunikwa kwa udongo na mimea inaota juu yake, alikwenda kununua daftari jipya. Alitaka kuandika jina la kila mmea wenye kibao, awapelekee wenzake wa zamani kule nyumbani.

Ratiba ilisema tuondoke saa 1 asubuhi. Tuliondoka saa 2. Ratiba ilisema tusimame Julian nusu saa kwa chai na pai za tufaha. Julian ni mji mzuri na pai zake sina neno nazo, lakini tulifika saa 3 na robo na hatukuondoka mpaka saa 5, kwa sababu dereva na mwongozaji walikuwa wamekaa wakila na hakuna aliyetuita. Nilikwenda kuwauliza mara mbili. Mara ya pili nilijibiwa, "Dada, jangwa halikimbii."

Tulifika kituoni saa 6 kasoro dakika 10. Tukaambiwa saa 6 na dakika 25 kila mtu awe ndani ya basi.

Mama ana tatizo la goti, anatembea polepole. Mmea wa kwanza aliousimamia ulikuwa okotiyo (majina haya nayaandika kama alivyoyaandika yeye daftarini): fimbo ndefu za miiba zilizotoka kwenye shina moja, kavu, hazina jani hata moja, ila nchani zina maua mekundu. Kwa asiyejua, mmea huo umekufa. Mvua ikinyesha kidogo tu unatoa majani, ardhi ikikauka unayapukutisha, na unaweza kurudia hivyo mara kadhaa kwa mwaka. Watu wa huku hukata fimbo zake na kuzisimika ardhini, zikaota na kuwa uzio ulio hai. Mama alicheka kwa furaha, akasema, "Huu ndio mnyaa wao!" Kwetu Singida nyumba huzungushiwa uzio wa minyaa vilevile, unakata tawi, unachomeka, linashika. Mimea hii miwili haina udugu, mmoja ni wa Amerika na mwingine wa Afrika, lakini watu wa pande zote mbili walifikia matumizi yaleyale. Hayo ndiyo mazungumzo niliyoyalipia. Mwongozaji wenu alikuwa ameinamia simu.

Akasogea kwenye meskiti, mti wa miiba ulio ndugu wa mathenge, ule mti mgeni uliovamia ardhi za Kenya. Ninyi wengi mnatoka Kenya, mnajua mathenge ulivyowatesa watu wa Baringo. Mama alitaka kufahamu inakuwaje mti ambao kwetu ni balaa, hapa ni mwenyeji anayeheshimiwa, na maganda yake yalikuwa chakula cha Wacahuilla na Wakumeyaay, wenyeji wa asili wa huku, tangu enzi. Alimuuliza kijana wenu kwa adabu kabisa. Jibu alilopata: "Miiba tu hiyo, mama, twende."

Sitalisahau neno hilo. Mama naye alilisikia. Alifunga daftari.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi. Mwongozaji huyohuyo aliwapanga watoto wapigwe picha karibu na choya. Ni aina ya dungusi kakati ambao kwa mbali unaonekana laini kama una manyoya. Vipande vyake hubanduka kwa kuguswa kidogo tu, na kila mwiba una vijino vilivyoelekea nyuma kama ndoana, kwa hiyo kuingia ni rahisi na kutoka ni shida. Mtoto wa kike wa miaka kama 6, wa familia moja ya Wakongo tuliyokuwa nayo, alirudi nyuma hatua moja. Kipande kizima kikang'ang'ania nyuma ya mkono wake. Alipiga kelele, na kijana wenu akakishika kwa mkono mtupu. Kikahamia kwenye vidole vyake, na miiba mingine ikabaki kwa mtoto.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja anayejitolea pale kituoni. Alikuja mbio akiuliza kama kuna mwenye kitana. Mama alitoa chanuo lake kwenye mkoba, lile la meno marefu. Mzee akalipenyeza kati ya ngozi na kile kipande, akakibetua mara moja, kikaruka hadi kwenye changarawe. Miiba iliyobaki akaing'oa mmoja mmoja kwa koleo dogo, huku mama akimshikilia mtoto na kumwimbia. Basi lenu halikuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Maji ya kumnywesha mtoto yalitoka kwenye chupa yangu.

Shughuli hiyo ilimaliza muda uliobaki. Kuna kidimbwi pale chenye samaki wadogo wa jangwani, spishi iliyo hatarini kutoweka, wanaostahimili joto na chumvi ambayo ingeua samaki wengine. Nilimwahidi mama kwamba atawaona awalinganishe na wale perege wa Ziwa Natron. Tulipita kando yake tukikimbizwa. Halafu tukakaa saa moja na dakika 20 kwenye sanamu za chuma zilizo nje ya mji wa Borrego Springs, mwongozaji akirekodi video. Muda, kumbe, ulikuwepo.

Mama alipanda ndege jana kurudi Tanzania. Daftari lina majina manne.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie dola 110, yaani nusu ya nilicholipa kwa sisi wawili. Ile familia ya Wakongo mwitafute wenyewe, muwaombe radhi kwa mdomo na muwarudishie fedha zao zote, kwa sababu mtoto wao aliumizwa na maelekezo ya mtumishi wenu. Safari hii msiitangaze tena kama safari ya mimea mpaka muwe na mtu anayeijua, na awe wa kwanza kuwaambia abiria kwamba choya haisogelewi. Basi liwe na maji, sanduku la huduma ya kwanza na chanuo.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata nitapeleka suala hili kwenye mahakama ya madai madogo, na risiti pamoja na ratiba yenu nitaziambatanisha.

Wenu,

Mteja wa kiti namba 7