Kwa binti yangu anayesomea sheria Pune, India

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum, mama. Hapa Tanga sote hatujambo, ila bibi yako anakudai picha.

Barua yako imenikaa moyoni. Unasema mwalimu wenu aliwapeleka mahakamani, mkaona mahabusu wanashushwa kwenye karandinga, wanaitwa majina, wanapangiwa tarehe nyingine na kupandishwa tena, shughuli ya mtu mmoja isifike hata dakika mbili. Halafu unaniuliza kuna haja gani ya kusomea haki katika nchi yenye kesi zaidi ya milioni 50 zinazosubiri, nchi ambayo kati ya kila watu wanne walio gerezani, watatu hivi bado hawajahukumiwa. Unataka kuhamia sheria za biashara. Uamuzi ni wako, na ada nitalipa vilevile. Ila nisikilize kwanza, maana mambo hayo nimeishi nayo pale masjala ya mahakama maisha yangu yote ya kazi.

Wengi wakiona mlundikano ule husema majaji ni wachache. Kweli ni wachache. Mwaka 1987 Tume ya Sheria ya India ilipendekeza wawe 50 kwa kila watu milioni moja, na hadi leo hawajafika hata nusu. Lakini uchache wa majaji hauelezi kwa nini kibarua anasubiri kesi yake akiwa gerezani na mwenye duka anaisubiri akiwa nyumbani kwake. Hilo linaelezwa na dhamana.

Tafuta hukumu ya Moti Ram ya mwaka 1978. Mshtakiwa alikuwa fundi mwashi maskini wa jimbo la Madhya Pradesh. Mahakama ya Juu ilikwisha kuagiza apewe dhamana. Hakimu kule chini akataka mdhamini wa rupia 10,000. Ndugu yake mwashi akajitokeza, akakataliwa kwa sababu mali yake iko wilaya nyingine. Mtu akabaki ndani huku agizo la mahakama kubwa kuliko zote limo kwenye faili lake! Jaji Krishna Iyer wa Mahakama hiyo ya Juu alikasirika, na hasira yake ukiisoma utaiona. Akaamuru aachiwe kwa kujidhamini mwenyewe, rupia 1,000.

Nilipoisoma hukumu ile niliona kama inatusema sisi. Kwetu sharti lilikuwa wadhamini wawili, wakazi wa hapa hapa, wenye kitambulisho, picha na barua ya mtendaji wa mtaa. Sasa kijana ametoka Kigoma kutafuta maisha, hapa mjini anamjua tajiri wake tu, naye tajiri ndiye mlalamikaji. Shangazi yake anafika kwa basi. Ana barua yenye muhuri wa kijiji chake, na karatasi za shamba amezifunga kwenye pindo la khanga. Anazifungua mezani moja moja, anazinyoosha kwa kiganja. Anaambiwa muhuri si wa hapa. Mpwawe alishtakiwa kwa wizi wa betri ya gari. Mama yule alikaa benchi la nje hadi milango ikafungwa, na kijana akarudi rumande.

Kwa hiyo usidhani unasoma mambo ya wageni. Hata Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 imechongwa kutokana na ile ya India ya mwaka 1872.

Soma pia habari za Bihar. Mwaka 1979, K. F. Rustamji, mjumbe wa Tume ya Taifa ya Polisi, aliandika katika gazeti la Indian Express juu ya mahabusu wa magereza ya jimbo lile. Wakili Kapila Hingorani, mwanamke aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927, akayapeleka mambo hayo Mahakama ya Juu kwa niaba ya watu ambao hawakuwa wamemtuma wala kumlipa. Ikabainika wengine wamekaa ndani muda mrefu kuliko adhabu ya juu kabisa ya makosa waliyoshtakiwa. Walikuwamo wanawake wasioshtakiwa kwa lolote, mashahidi na waliotendewa uhalifu, wamewekwa gerezani eti kuwalinda. Jaji P. N. Bhagwati na wenzake wakasema kusikilizwa mapema ni sehemu ya uhuru unaolindwa na ibara ya 21 ya Katiba, na asiye na uwezo atafutiwe wakili kwa gharama za serikali. Maelfu wakatoka.

Huko huko Bihar kuna Rudul Sah. Mahakama ilimwachia huru Juni 1968. Gereza lilimtoa Oktoba 1982. Miaka 14! Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ililiamuru jimbo limlipe rupia 30,000, juu ya 5,000 za awali. Kwangu mimi malipo hayo ni madogo kupita kiasi, lakini ndiyo kesi iliyofungua njia ya mtu kulipwa fidia pale serikali inapomnyang'anya uhuru wake.

Sasa tangu tarehe 1 Julai 2024 wana sheria mpya za jinai. Katika ile ya mwenendo wa mashauri, kifungu cha 479 kinasema mahabusu asiyewahi kutiwa hatiani, akishamaliza theluthi moja ya adhabu ya juu ya kosa lake, aachiwe kwa dhamana, wengine nusu. Makosa ya kifo na kifungo cha maisha hayamo, wala mwenye kesi zaidi ya moja. Na ni wajibu wa mkuu wa gereza kuiandikia mahakama muda ukitimia. Nimeifurahia sana hiyo. Lakini mimi ni mtu wa mafaili, najua kifungu kizuri kinavyoweza kulala kabatini.

Hapo ndipo ninapokutuma, mama. Ofisi za msaada wa kisheria zipo kila wilaya kule. Nenda ukaombe kujitolea siku za mapumziko, uone ni nani hasa anayehesabu siku za mahabusu, kwenye daftari gani, na aliyetimiza muda anachukua siku ngapi kutoka. Uangalie pia mwenye kutakiwa mdhamini asiye naye anafanywaje. Kisha niandikie kwa kirefu, bila kunipunguzia. Ukishaona yote hayo na bado unataka biashara, nitakuunga mkono.

Ada ya muhula nitaituma mapema mwezi ujao. Usisahau kwenda kusajili upya kibali chako cha kukaa.

Baba yako