Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni Rasmi: Miski, Tibet na Waislamu wa Lhasa

Ndugu mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Tunakushukuru kwa kuitika mwaliko. Maonyesho utakayotufungulia leo yanahusu Waislamu na Watibeti, nasi tumeyaanzia kwenye neno linalojulikana katika kila nyumba ya Pwani: miski.

Ndugu mgeni rasmi, miski hutoka kwenye tezi ya mnyama wa milimani anayefanana na paa. Hana pembe, ila dume ana meno mawili marefu yanayochomoza nje ya mdomo. Ni dume tu mwenye mfuko huo, chini ya tumbo, karibu na kitovu. Mfuko mmoja hutoa gramu 25 hivi. Ukikauka, ute wake huwa chembechembe za rangi ya kahawia iliyoiva, na harufu yake ikiwa haijachanganywa na kitu inakera pua. Uzuri wake huja ikizimuliwa.

Katika karne ya 9 mwanajiografia Mwislamu al-Yaqubi aliipanga miski kwa ubora: ya Tibet kwanza, ya Sogdiana (eneo la Samarkand, Asia ya Kati) pili, ya China tatu. Mwanahistoria al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, alitoa sababu. Mnyama wa Tibet hula nardo na majani mengine yenye harufu. Watibeti huiacha miski ndani ya mfuko wake. Nayo haipigwi na unyevu wa safari ndefu ya baharini kama ile ya China. Iliyo bora kuliko zote, alisema, ni ile mnyama anayoiacha mwenyewe juu ya mawe akijikuna mfuko ulioiva.

Udanganyifu ulikuwepo. Mfuko ulijazwa damu kavu, au vipande vya madini ya risasi ili uzito uongezeke. Wanunuzi walipitisha uzi kwenye kitunguu saumu, kisha wakautoboza mfukoni kwa sindano. Harufu ya kitunguu ikipotea, mzigo ni safi. Kipimo cha pua hicho, si cha maabara, lakini fedha nyingi zilikitegemea.

Biashara ilileta watu, na watu wakakaa. Kitabu cha jiografia cha Kiajemi cha mwaka 982 kinaitaja Lhasa, mji mkuu wa Tibet, kuwa na nyumba nyingi za masanamu na msikiti mmoja. Baadaye Waislamu waliitwa Khache, jina la Kitibeti la Kashmir, walikotoka wengi wao. Inasimuliwa kwamba Dalai Lama wa Tano (1617–1682), kiongozi mkuu wa Kibudha wa Tibet, aliwapa kiwanja nje ya mji, mipaka yake ikapimwa kwa mishale iliyorushwa pande nne. Hapo pana msikiti na makaburi. Walizungumza Kitibeti, wakanywa chai ya siagi, na katika mji ambao Mbudha hula nyama ila kuchinja anaona dhambi, kisu kikawa mkononi mwa Mwislamu.

Baada ya mkataba wa 1684 kati ya Tibet na Ladakh, ufalme jirani wa upande wa magharibi, Ladakh ilipeleka msafara wa heshima Lhasa kila miaka mitatu, na mara nyingi aliyeuongoza kwa Dalai Lama alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Leh, mji mkuu wa Ladakh. Ulibeba dhahabu, zafarani na vitambaa. Wanakijiji wa njiani walilazimika kutoa wanyama wa mizigo bila malipo, na hilo liliwaelemea.

Mezani hutakuta miski halisi. Mtego wa kamba hauchagui: hunasa jike na mtoto pia, ambao hawana miski, na biashara ya kimataifa ya mnyama huyu wa Himalaya imepigwa marufuku. Vichupa utakavyonusa ni vya kiwandani.

Ombi letu ni moja: ramani ya ukutani ya bara la Asia, kwani tunayotumia tumeichora kwa mkono na Ladakh haikuenea.

Karibu ukate utepe.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Historia.