Deki ya kurekodi DVD: tazameni matundu yake kabla ya kutoa fedha

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wenzangu ambao bado wana kanda za video za harusi, maulidi na ubatizo kabatini, na ambao sasa wanatafuta deki ya kurekodi DVD ili wazihamishe kabla hazijaharibika. Kazi hiyo nimeifanya kwa miezi minane hapa Tanga, kwa kanda kumi na tisa za ukoo wetu, na hasara nyingi nilizozikuta hazikuletwa na uchakavu wa kanda bali na uchaguzi wa mashine na programu.

Kilichonisukuma ni kanda ya harusi ya dada yangu ya mwaka 1997. Miaka kadhaa iliyopita tuliipeleka kwa fundi mmoja atuhamishie kwenye diski, nayo diski ikarudi na maua yanayoelea, mioyo inayopasuka kati ya picha na picha, na wimbo uliotandazwa juu ya sherehe yote tangu mwanzo hadi mwisho. Katika kanda yenyewe kuna mahali, baada ya nikahi, ambapo marehemu baba anasimama mlangoni, anaiweka sawa kofia yake kwa mikono miwili, kisha anamwambia bwana harusi, "Mwanangu huyu nimekukabidhi, naye ana kwao." Kwenye diski ile midomo yake inacheza tu, sauti imefutwa, na wimbo unaendelea. Mama aliitazama mara moja akaomba izimwe. Namshukuru Mungu kwamba kanda tulirudishiwa na hatukuitupa, maana wako waliotupa.

Nianze na mashine. Deki hizi siku hizi ni mitumba zaidi kuliko mpya, na deki za kanda zenyewe hazitengenezwi tena tangu kampuni ya Funai ya Japani ilipoacha kuzitengeneza mwaka 2016. Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni mashine imetoka wapi. Deki iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia umeme wa volti 100, nao wetu ni 230; ukiichomeka moja kwa moja imeungua. Hata ukiinunulia transfoma, bado kuna suala la mfumo wa picha: kanda zetu zilirekodiwa kwa PAL, yenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, ilhali Japani, Marekani na Kanada walitumia NTSC, yenye mistari 525 na picha zipatazo 30. Mashine isiyoijua PAL hukupa picha isiyo na rangi au inayoporomoka kwenye kioo, na hakuna waya wala rimoti itakayoitibu. Iliyotoka Ulaya au nchi za Ghuba ina nafuu kubwa kwetu kwa mambo yote mawili.

Swali la pili ni matundu. Muuzaji atakusifia kwamba deki inanasa stesheni na kurekodi yenyewe kwa saa uliyoipanga, lakini sifa hiyo ilikwisha pale mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, kuanzia Dar es Salaam. Leo bila king'amuzi deki hiyo hainasi kitu. Unachokihitaji ni matundu ya kuingiza picha na sauti, yaani la njano, jeupe na jekundu, na uhakikishe kwamba ni ya kuingiza, si ya kutoa peke yake. Katika mashine nyingi za Ulaya nyuma kuna tundu pana lenye vipini vingi liitwalo SCART, na yale ya rangi yamefichwa mbele, chini ya kifuniko kidogo ambacho watu wengi hawakifungui. Nenda dukani na deki yako ya kanda na waya zako, uunganishe palepale, urekodi dakika tano na uzitazame kabla ya kutoa fedha. Muuzaji akikataa, ondoka.

Zipo pia zile zinazobeba kanda na diski ndani ya chombo kimoja, na watu huzipenda kwa kuwa kazi ni kubonyeza kitufe kimoja tu. Mimi sizipendekezi, kwa sababu sehemu ya kanda ndiyo inayochakaa mapema, na ikifa umebaki na nusu ya mashine. Bora deki mbili. Na mkipata yenye diski ngumu ndani yake, chukueni hiyo hata kama bei imezidi kidogo, kwani unarekodi kwanza humo, unatazama kama sauti na picha vimekaa sawa, ndipo unapoandika kwenye DVD, na umeme ukikatika katikati ya kazi hujapoteza diski. Msishtuke pia ikitokea deki inakataa kurekodi kanda yenu ya nyumbani na kudai kwamba imezuiwa kunakiliwa; kanda iliyochoka hutoa mawimbi yanayoyumba, na baadhi ya deki huyadhania kuwa ni kinga ya filamu za biashara. Safisha vichwa vya deki ya kanda, yaani sehemu zinazosoma utepe, au jaribu deki nyingine.

Sasa jambo lililo zito kuliko yote. Diski ya kawaida ya DVD ina nafasi ya gigabaiti 4.7, nayo deki hukuuliza ujaze humo saa ngapi. Alama ya XP ni saa moja, SP ni saa mbili, LP ni saa nne, na EP ni sita, wakati mwingine nane. Nafasi ni ileile. Kinachoongezeka ni kubana. Mafundi wengi huchagua EP ili kuokoa bei ya diski, na mteja hufurahi kuona harusi tatu kwenye diski moja. Nilirekodi kipande kilekile cha baba kwa SP, kisha kwa EP, nikasimamisha picha. Kwenye SP ndevu zake zinaonekana zilivyokuwa, nyeupe kidevuni na nyeusi pembeni, na maua ya kanga za kina mama waliosimama nyuma yake yanahesabika. Kwenye EP, kila alipogeuza uso, ndevu ziligeuka miraba miraba ya kijivu, na kanga zikawa madoa. Kilichopotea hapo hakirudi kwa programu yoyote, iwe ya bure au ya fedha nyingi. Kanda ya saa tatu igawe kwenye diski mbili kwa SP, wala usisikitikie diski.

Ukimaliza, funga diski kwa amri inayoandikwa Finalize kwenye menyu, la sivyo diski ya DVD-R, ile inayoandikwa mara moja tu, itacheza kwenye deki hiyo tu na kwingine itaonekana tupu. Nimeletewa diski za namna hiyo na watu waliokwisha kuuza deki iliyozirekodi, na kuzifungua ikawa kazi ya siku nzima.

Mimi diski naitumia kama daraja tu. Narekodi kwenye DVD-RW, ambayo hufutika na kutumika tena, nahamishia mafaili kwenye kompyuta, kisha nayaweka mahali pawili. Kwa kiwango cha SP saa moja huchukua gigabaiti zipatazo 2.4, hivyo fleshi ya gigabaiti 64 hubeba zaidi ya saa ishirini. Faida nyingine ni kwamba faili halijali PAL wala NTSC: mpwa wangu aliye Toronto, ambaye deki yake ilikuwa ikizikataa diski zetu, sasa anatazama harusi ya mama yake kwenye simu.

Kuhusu kuhariri, msinunue programu kubwa. Kazi ya kanda ya harusi kwa kawaida ni kuondoa dakika ambazo mpiga picha alisahau kuzima kamera, na kugawa siku katika vipande. Kwa hilo Avidemux na LosslessCut zinatosha, nazo ni za bure, na ubora wake ni kwamba hukata bila kuibana upya picha. Kipande kinachobaki ni kilekile kilichotoka kwenye deki. Ni lazima kukata penye picha kamili, yaani zile zilizohifadhiwa nzima badala ya mabadiliko tu, ambazo katika DVD hupishana kwa takriban nusu sekunde, kwa hiyo usitegemee kukata katikati ya neno. Anayetaka kuandika majina na tarehe juu ya picha atumie Shotcut au Kdenlive, ambazo nazo hazilipiwi, ila ajue kwamba hapo picha itabanwa upya, na afanye hivyo kwa nakala. Movie Maker ya zamani, ambayo wengi tulijifunzia, iliachwa na Microsoft mwaka 2017, na anayewapa tovuti ya kuipakua leo huenda anawapa virusi. Muziki, mkiutaka, uwekeni kwenye nakala ya kuchezea. Faili la kwanza lenye sauti za watu lisiguswe.

Zimebaki kanda mbili ambazo sijathubutu kuziingiza kwenye deki. Ukizitazama kupitia kidirisha chake unaona vumbi jeupe ukingoni mwa utepe, nalo ni kuvu la unyevu wa pwani. Kanda ya namna hiyo ikichezwa hukwangua utepe, huchafua vichwa vya deki na kuziambukiza kanda zinazofuata. Moja ni ya hitima ya bibi yetu. Namwomba fundi yeyote wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam anayefungua na kusafisha kanda zenye kuvu ajitangaze kupitia safu hii, maana najua si mimi peke yangu ninayemtafuta.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga.