Mwanangu, usiwahukumu waliosombwa na maji

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Lindi wazima, na homa ya mdogo wako imekatika. Mjomba wako ameniambia kwamba baada ya Idi ya kuchinja unahamia Somanga kufundisha madrasa, na kwamba siku za Ijumaa utakuwa unapewa mimbari. Nimefurahi, sitaficha. Ukoo wetu haujapata kutoa khatibu. Lakini kabla hujaenda nina neno nawe, na neno lenyewe ni ile sauti yako inayozunguka kwenye simu za watu, unayosema kimbunga Hidaya kilikuwa adhabu ya Mwenyezi Mungu kwa watu wa pwani, kwa zinaa na ngoma zao.

Mimi niliisikia barazani kwetu. Binti mmoja aliifungulia sauti mpaka juu, na jirani yetu wa nyumba ya mbele alikuwepo, anapepeta mchele. Huyu ndiye aliyefiwa na kaka yake kwenye mafuriko ya Kilwa ya Januari 2020. Ungo ukamsimama mikononi. Hakusema kitu. Akaumimina mchele sufuriani pamoja na chuya zake, akanyanyuka, akaenda kwake. Tangu siku ile ananisalimia salamu ya adabu tu.

Marehemu yule alikuwa mtu wa swala tano. Nani amekuletea habari kwamba aliadhibiwa?

Najua utanijibu kwa kaumu ya Adi walioangamizwa kwa upepo, na watu wa Nuhu waliogharikishwa. Sikatai, ni Qur'ani. Lakini wale walitumiwa mitume wakawakadhibisha, na habari zao tumepewa na Mungu mwenyewe. Yeye huyo huyo, katika Suratul Israa, anasema haadhibu mpaka apeleke mtume. Wahyi umekwisha, mwanangu. Hiki Hidaya cha Mei 2024 nani ameteremshiwa tafsiri yake?

Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume (s.a.w.), na uchungu wa mwanawe kifuani, akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Yeye aliyekuwa akiteremshiwa wahyi hakuwaachia watu waseme vile, wewe ujasiri umeutoa wapi? Na aliyekufa maji, si mmefundishwa huko chuoni kwamba yumo katika mashahidi? Mtume amemhesabu shahidi, wewe unamhesabu mwenye kuadhibiwa.

Kikumbuke na kimbunga Kenneth. Aprili 2019 Mtwara nzima ilikuwa tumbo joto, watu wakaambiwa wakimbilie kwenye usalama, kisha kikaingilia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, kikaua huko. Huku Wamakonde, kule Wamakonde. Watu wana dada zao kule, wameoana, wanazikana. Mto ule ndio mpaka wa dhambi? Na mwaka 1952 kimbunga kilipoipiga Lindi hii hii, watu wa wakati ule walikuwa na kosa gani tusilokuwa nalo sisi wa leo?

Labda mengine uliyasikia humu humu ndani. Bibi yako kila radi ikipiga alikuwa akitaja mtu wa mtaani aliyemkosea Mungu, na hakuna aliyembishia.

Kinachoninyima usingizi ni huko uendako. Vimbunga hivi hupata nguvu kwa joto la bahari, na wataalamu wanaviona vikiwa bado mbali. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza tahadhari ya Hidaya kabla hakijasogea karibu na Mafia. Sasa mtu akishaamini kwamba kimbunga kinafuata wenye dhambi, siku ya tahadhari mchamungu hatatoka bondeni, na mvuvi aliyeswali alfajiri atasukuma ngalawa yake. Somanga ni watu wa bahari. Watakusikiliza wewe kuliko redio. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika hapo hapo Somanga siku zile, watu wakakwama upande huu na ule. Ukiwaambia ni adhabu, nani atauliza kama maji yaliachiwa njia ya kutosha chini ya lami? Nani atamkemea anayekata mikoko? Wahimize toba, toba ni ya kila siku. Lakini ikija tahadhari, waambie wavute vyombo juu na wahamishe watoto, tena waambie mimbarini.

Na humo madrasa atakaa mtoto aliyefiwa na maji. Atakuuliza, ustadhi, baba alifanya nini? Umjibu nini?

Umesoma kwa korosho za baba yako, na kila nikikusikia unasoma Qur'ani machozi hunitoka. Ndiyo maana hili linaniuma. Sauti yako inaingia mioyoni mwa watu, hata ikiwa imekosea.

Basi rekodi nyingine, uitume kule kule ulikoituma ya kwanza. Usinitumie mimi, mimi nimekwishakusamehe. Na najua kwa basi Somanga inatangulia, lakini usishuke. Njoo kwanza mpaka nyumbani, uingie nyumba ya mbele, ukae chini, uzungumze na yule mama mwenyewe.

Ukija, baba yako anataka mkono wako shambani, mikorosho inasubiri salfa na mgongo wake haubebi tena ile mashine ya kupulizia. Mabati ya jikoni bado yanavuja, kwa hiyo lete misumari ya bati kutoka Dar, huku wanatuuzia ghali. Kanzu zako mbili nimezifua. Ile yenye doa la mafuta nimempa mdogo wako, usiulize.

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Mama yako