Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: kabla ya ukuta mwingine, njoo uone huu

Mheshimiwa shikamoo,

Naandika kutoka mwaloni huku Ilemela, nasikia tenda ya ukuta mwingine wa kuzuia maji ya ziwa iko njiani na sisi huu wa kwanza tumeshauonja.

Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kweli, Mei ile kipimo cha kina cha ziwa kule Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, kikaipita kidogo ile 13.41 ya 1964 ambayo wazee bado wanaihadithia. Maji yalifika kwenye vichanja vya dagaa, vyoo vikajaa, watu wakahama. Sasa hapo mtu akija akasema nawajengea ukuta nani atakataa? Hatukukataa. Tipa zikashusha kifusi, mafunjo yakafyekwa yote, mawe yakapangwa.

Shida ndo ikaanzia hapo. Ziwa kwa mbele limezuiwa sawa, ila mvua ya kutoka huku juu milimani inashuka na mitaro yote, zamani ilikuwa inafika kwenye mafunjo inatulia, matope yanabaki pale, maji yanaingia ziwani taratibu, sasa hivi inakuja kugonga ukuta kwa ndani haina pa kutokea inakaa nyuma ya nyumba zetu wiki nzima, na maji ya vyoo humohumo, na watoto wanapita humohumo kwenda shule. Na wimbi likipiga mawe halifi pale, linapinda kwenda pembeni, majirani zetu wasio na ukuta ndo ufukwe wao unamegwa. Kambare waliokuwa wanazalia kwenye yale mafunjo sijui niseme nini, wavuvi wenyewe waulize.

Kinachoniuma zaidi ni viwanja. Watu wameona ukuta wakajua pako salama, wanajenga ndani ya zile mita 60 ambazo sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu, yani siku maji yakiuvuka ukuta tutakuwa wengi kuliko wa 2020. Ripoti ya 2022 ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, imelisema hilihili, kwamba kuta za ufukweni zinasaidia kwa muda mfupi ila baadae zinaweza kuwaweka watu kwenye hatari kubwa zaidi. Tena ziwa hili linashuka pia, 2006 lilirudi nyuma sana, likirudi tena hivyo mitumbwi tutaivutaje juu ya mawe?

Sisemi tuachwe tuzame. Naomba tenda isisainiwe kwanza, huu uliopo utobolewe uwekwe makalavati maji yatoke, upimaji wa viwanja usimame, na kile kipande cha mafunjo kilichobaki upande wa mtoni kisiguswe. Halafu injinia asije kiangazi. Aje masika siku mvua imenyesha usiku kucha, apite nyuma ya ukuta na hawa akina mama wa dagaa, ni hatua chache tu kutoka barabarani, tutampitisha wenyewe.

Mkazi wa mwaloni, Ilemela