Kampuni hufuata anapolala bosi

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kuandika barua gazetini, stempu zilikuwa bado zinalambwa. Nimenyamaza muda wote huo, hata mlipotuhakikishia kwamba maji ya Dodoma hayana chumvi. Lakini ile habari yenu yenye picha ya waheshimiwa wa kofia ngumu wakinyoosha vidole juu ya ramani imenikaa kooni. Mmetuambia jiji "linajipanga" kuvuta makao makuu ya kampuni kubwa kwa kuzitengea viwanja na kuzilegezea tozo. Mwandishi wenu, ili kukoleza, akatupa mfano wa Amazon ya Marekani: miji ilishindana, mwenye kujipanga akapata. Basi na sisi tujipange.

Mwandishi huyo ametuhadithia nusu. Mwaka 2017 Amazon ilitangaza kwamba inatafuta mji wa kuweka makao makuu ya pili, ajira 50,000, uwekezaji wa dola bilioni 5. Maombi 238 yakamiminika. Masharti yalikuwepo tangu mwanzo: eneo lenye watu zaidi ya milioni 1 (jiji letu kwa sensa ya 2022 lina watu 765,179, kwa hiyo sisi tungeishia getini), uwanja wa ndege wa kimataifa usiozidi mwendo wa dakika 45, na usafiri wa umma unaofika mlangoni. Tucson, mji wa jangwani kule Arizona, waliing'oa kaktasi yenye urefu wa zaidi ya mita 6 ili wampelekee mkubwa wa kampuni. Wakajibiwa kwamba kampuni haipokei zawadi, na kaktasi ikaishia makumbusho. Stonecrest ya Georgia ilikuwa tayari kumega ekari 345 ili pazaliwe mji unaoitwa Amazon. New Jersey iliweka mezani dola bilioni 7 kwa ajili ya Newark. Baada ya jasho lote hilo, Novemba 2018 yakatajwa maeneo mawili: New York, na Arlington iliyo ubavuni mwa Washington. Yaani pale ambapo hata muuza karanga wa Nyerere Square angepataja bila kulipwa. Mkubwa mwenyewe, Jeff Bezos, wakati huo alikuwa na nyumba Washington na nyingine New York, na gazeti la Washington Post alikuwa ameshalinunua tangu 2013. Sisemi kwamba ndiyo sababu. Nasema kaktasi haikumhamisha. Na hiyo New York yenyewe hawakuikalia, kwani watu wa pale walipoanza kuhoji ukubwa wa misamaha ya kodi, Februari 2019 kampuni ikajitoa. Hilo nalo mwandishi wenu hakuliona.

Kuna Mmarekani aliyeitwa William H. Whyte, aliyezichunguza kampuni 38 zilizohama jiji la New York zikidai zinawatafutia wafanyakazi maisha bora. Kampuni 31 kati ya hizo zilihamia karibu na nyumbani kwa mkubwa wao, kwa wastani wa kama maili 8 kwa barabara. Zilikuwa na washauri, bila shaka, na ripoti nene zenye majedwali ya alama. Lakini mkubwa hataki foleni asubuhi, na hapo ndipo jedwali linapofungwa.

Sasa wakubwa wetu wanalala wapi? Masaki. Oysterbay. Mbezi Beach. Bandari iko Dar, wateja zaidi ya milioni 5 wako Dar, shule wanazosoma watoto wao ziko Dar. Siwalaumu kwa hilo, mimi mwenyewe ningekuwa na nyumba inayotazama bahari nisingekimbilia vumbi la Nkuhungu. Na si Tanzania peke yake. Brasília ilizinduliwa kuwa mji mkuu 1960, lakini kampuni binafsi kubwa za Brazil zimeng'ang'ania São Paulo. Nigeria ilihamia Abuja 1991, mabenki makubwa yakabaki Lagos. Waliokubali kuhama ni wale ambao serikali ndiyo iliyowashika sikio: Banco do Brasil iko Brasília, shirika la mafuta NNPC liko Abuja. Sisi uamuzi wetu wa kuhamia Dodoma ni wa 1973, na tozo nafuu ndiyo kwanza inagunduliwa kuwa dawa.

Nieleze kwa nini linaniuma. Nina kirikuu ya kubebea zabibu kutoka Hombolo. Msimu mmoja lori liliiparamia pale Ihumwa. Dereva wangu alitoka na michubuko tu, Mungu mkubwa, lakini boneti ilikunjamana na kreti za zabibu zikageuka juisi juu ya lami. Nikajifariji kwamba nina bima kubwa, tena ya kampuni yenye bango barabarani linalodai iko karibu nami. Jina silitaji. Tawi lao hapa mjini lina kiyoyozi, maji ya kunywa ya bure na mabinti wenye adabu zao. Nikajaza fomu ya madai, nikaambatanisha ripoti ya polisi, leseni ya dereva na picha. Niliporudi kuulizia, binti akaniambia, "Faili lako lipo makao makuu, baba." Nikamwambia, "Mwanangu, makao makuu si ndiyo hapa?" Akacheka, na mlinzi mlangoni akacheka. Mkaguzi akaja kutoka Dar kwa treni, akaipiga picha kirikuu bila hata kuinama, huku anauliza treni ya kurudi inaondoka saa ngapi. Meneja wa tawi, kijana msikivu kabisa, akanieleza kwa aibu kwamba uwezo wake wa kuidhinisha malipo, kwa gari kama langu, unaishia kwenye saitimira na taa moja ya mbele. Kinachozidi hapo ni Dar. Basi nikashuka Dar mwenyewe. Nikapandishwa lifti, nikaketishwa kwenye kochi la ngozi ambalo ukikaa unaiona bahari mpaka Kigamboni, na baada ya muda mrefu katibu muhtasi akaja na sauti ya upole: "Pole sana mzee, mkurugenzi anayesaini hayupo. Ameenda Dodoma, ameitwa na kamati ya Bunge." Mhariri, nilimtazama yule mama, nikaitazama bahari, sikuwa na la kusema. Mwenye kalamu kalala hotelini Area D, na mimi wa Dodoma nimelala kwa shemeji Mbagala, usiku huo huo. Kamati ilipomwita alikuja mbio. Mimi niliyemlipa bima ilibidi nimfuate, na bado tukapishana. Fidia ilitoka, sikatai, ila msimu wa zabibu ulikuwa umekwisha na mteja wangu wa kiwandani alishampata mtu mwingine.

Kwa hiyo ghorofa la vioo mnalotuchorea mimi sina haja nalo. Nataka mwenye kusaini awe mahali ninapoweza kumfikia kwa bodaboda.

Na kwa kuwa mmetaja viwanja, hebu tuviongelee. Treni ya mwendokasi ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 tulishangilia kwamba italeta watu. Imewaleta, na Ijumaa jioni inawarudisha Dar, nenda stesheni ukaone masanduku ya magurudumu. Wengi wao wana viwanja hapa. Walivichukua wakaweka mawe ya mipaka, waliojitahidi wakajenga msingi, kisha basi. Jirani yangu wa upande wa kushoto simjui kwa sura. Namjua kwa kichaka chake, kwa nyoka wanaotoka humo masika yakianza, na kwa namba ya simu iliyopakwa rangi kwenye tofali, ambayo ukipiga inapokewa na mtu anayekuuliza kama wewe ni mnunuzi. Mimi nikichelewa kufyeka mbele ya nyumba yangu naandikiwa faini. Sasa hao nao tunataka kuwaongezea kampuni nzima zenye viwanja vya bure? Kichaka cha kampuni kitakuwa kikubwa zaidi, hilo tu.

Mwandishi wenu kama anataka mfano wa Marekani, achukue wa Boeing, watengenezaji wa ndege. Ilipoondoka Seattle mwaka 2001, wakubwa walipanda ndege ikiwa imeandaliwa safari tatu, Dallas, Denver na Chicago, watu wasijue itatua wapi. Chicago na jimbo lake walikuwa wameandaa vivutio vya zaidi ya dola milioni 50, ikatua kwao. Mwaka 2022 kampuni ikatangaza kwamba makao makuu yanahamia Arlington, hatua chache kutoka wizara ya ulinzi, yule mteja mwenye mikataba minono. Vivutio vya Chicago havikuizuia.

Sisi huyo mteja tunaye. Serikali iko Mtumba, Ikulu iko Chamwino, Bunge liko hapa hapa. Anayenunua saruji, bima, simu, magari na kompyuta kuliko mtu yeyote nchini anakaa Dodoma. Ila zabuni zake siku hizi zinaombwa mtandaoni kwenye mfumo wa NeST, mtu anabonyeza akiwa Mikocheni, anashinda akiwa Mikocheni, analipwa akiwa Mikocheni. Sipingi mfumo, umetupunguzia habari za bahasha. Nauliza tu kwa nini ushindi huo haumgharimu mtu hata tikiti ya kuja kuishi.

Dawa yangu ni rahisi na haina kiwanja ndani yake. Mimi mwananchi nikitaka kufungua akaunti au kumdhamini mtu polisi, naambiwa nilete barua ya serikali ya mtaa. Sawa. Kampuni yoyote inayotaka mkataba wa Serikali unaozidi shilingi bilioni 5, mkurugenzi wake mkuu, yeye mwenyewe, si meneja wa tawi, alete barua kutoka mtaa mmojawapo wa Jiji la Dodoma. Mjumbe wa nyumba kumi athibitishe kwamba anamjua kwa sura. Majirani wawili wasaini kwamba analala hapa siku za kazi na kwamba familia yake wanaiona. Aambatanishe risiti ya taka ya mwezi uliopita. Akiwa na kiwanja, kiwe kimefyekwa.

Barua hiyo haihitaji kamati wala kofia ngumu. Mwenyekiti wa mtaa wetu yupo ofisini kila asubuhi isipokuwa Jumapili, na mhuri anao.

Mkulima wa zabibu na mstaafu,
Kikuyu, Dodoma